TOC: mazoezi, vidonge au chumba cha maombi? Ulinganisho kwa familia za Bukavu

Sema tu kwamba dada yako ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka, na kabla hujapanda kutoka Nyawera hadi Kadutu utakuwa umeshapewa ushauri wa kila aina. Jirani anajua chumba cha maombi. Shangazi anajua mzee wa dawa za miti kule Kabare. Kijana wa famasi anakukatia plaketi ya Valium. Mjomba anasema huo ni ukaidi, anyimwe sabuni wiki moja ataacha. Aliyesoma kidogo anasema mpelekeni SOSAME, kituo cha afya ya akili, kisha anashusha sauti kana kwamba ametamka tusi.

Sitazipa njia hizi uzito sawa, maana hazina uzito sawa. Nitazipima zote kwa swali moja: je, njia hii inamsaidia mgonjwa kuacha tendo lake, au inampa tendo jingine la kurudia?

Swali hilo linatokana na ugonjwa wenyewe. TOC, kama daktari atakavyoandika kwenye fishi (kwa Kifaransa trouble obsessionnel compulsif), ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ya kurudiarudia, nayo ina vipande viwili. Kuna wazo linalokuja bila kualikwa na kung'ang'ania: nimeshika uchafu, nitawaletea watoto maradhi, sikufunga mlango, nimemtukana Mungu moyoni, naweza kumdondosha mtoto. Halafu kuna tendo ambalo mtu analifanya ili wazo litulie: kunawa, kurudi kuangalia, kuhesabu, kusali sala ileile mpaka itoke bila kosa, kuwauliza wa nyumbani "mna hakika?" jioni nzima. Matendo mengine hayaonekani kabisa, yanafanyika kichwani. Tendo linaleta utulivu wa dakika chache, kisha wazo linarudi na nguvu mpya, kwa sababu ubongo umejifunza kwamba bila lile tendo kungetokea balaa. Ni deni la benki lambert, yule mkopeshaji wa mtaani: unalipa riba kila siku, mtaji haupungui, na kesho anayekudai yuko tena mlangoni.

Wanaoupata wakati fulani maishani ni kati ya mtu 1 na watu 3 katika kila 100, na hivyo ndivyo ilivyo karibu kila nchi ilikopimwa. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani; kwa wanaume karibu robo huanza kabla ya miaka 10, na kuanza baada ya miaka 35 ni nadra. Madaktari hutumia mpaka huu: mawazo na matendo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanaharibu masomo, kazi, ndoa. Unaweza kutembea katika ukoo. Haukuletwa na malezi mabaya, na mtu hakosi imani kwa sababu anao.

Kabla ya kulinganisha tiba, linganisha ugonjwa

Tuchukue kadena ya mlango. Katika mji ambao watu wenye silaha wamewahi kuingia nyumba za watu usiku, kukagua kadena kabla ya kulala ni akili. Mtu wa kawaida anaibana, anasikia "ta", anaivuta mara moja, anaenda kulala. Mwenye TOC anaibana, anasikia "ta", anajua amesikia, lakini akigeuza mgongo uhakika unamtoka. Anarudi. Anaivuta mara saba, na kama kidole kimeteleza kwenye ya tano anaanza upya. Mke anaita kutoka kitandani. Anaingia chini ya blanketi, anahesabu moyoni, anatoka tena pekupeku kwenye saruji baridi. Muulize kama mlango umefungwa, atakujibu umefungwa. Kujua hakumsaidii.

Mwenye jeraha la vita moyoni naye atakagua mlango, ila woga wake una tukio nyuma yake. Anaona tena sura zilizoingia, anashtuka kwa kelele ndogo, anaamka na jasho. Tiba yake inafanana na hii kwa sehemu tu. Wapo wenye vyote viwili, na hapa kwetu si wachache, hivyo mwenye kupima aulize kuhusu vyote viwili kabla ya kuandika chochote.

Mikono ni ngumu zaidi kuitenganisha. Kolera haijawahi kuihama Kivu Kusini. Mwezi wa 8 mwaka 2019 Ebola ilifika Mwenga. Kisha ikaja mpox kutoka Kamituga. Miaka yote hiyo tumefundishwa kunawa, ndoo zenye robine zikawekwa kwenye kila mlango wa shule na kanisa, na msichana aliyenawa kuliko wenzake akasifiwa. Hakuna aliyeona ugonjwa ukikua ndani ya sifa. Alama ya kutazama ni kwamba TOC haifuati hatari. Anayejikinga na kolera ananawa kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kula, basi. Mwenye TOC anaweza kunawa robo saa kwa kugusa jalada la Biblia, akamimina javeli juu ya vidole, kisha akanywa maji yasiyochemshwa bila kufikiri. Bido la lita 20, lililopandishwa mlima kwa mgongo wa mama, linaisha kwa mtu mmoja kabla ya saa mbili asubuhi. Ugomvi wa nyumbani mara nyingi huanzia kwenye bido hilo.

Wengine wanaogopa kwamba ni wazimu. Kwa kawaida mwenye TOC anajua wazo limetoka kichwani mwake na anaona limezidi. Hasikii sauti ya mtu mwingine. Tofauti hii ina uzito wa pekee kwa mama aliyejifungua. Mama mwenye TOC anapatwa na wazo la kumchoma au kumdondosha mtoto, na wazo hilo linamtisha hadi anaficha visu na kukataa kumwogesha. Hana nia yoyote ya kumdhuru. Hofu yenyewe ndiyo inayoonyesha hivyo. Asinyang'anywe mtoto. Mama mwingine halali usiku kucha, anasema mtoto ametumwa au si wa kwake, anaongea mambo yasiyoshikana, na hana hofu ya anachosema. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja Jumapili.

Chumba cha maombi, kiti cha maungamo, msikiti

Wengi wataanzia hapa hata nikiandika nini, na sioni sababu ya kuwakataza kusali. Ila kuna aina mbili za msaada wa dini, nazo zinafanya kazi zinazopingana.

Ya kwanza ni ile ya mikesha ambamo kila wazo baya linaitwa pepo na mgonjwa anaamriwa alikemee kila linapokuja. Kwa mwenye TOC, hilo ni tendo jipya. Jana alikuwa ananawa, leo anakemea, mara mia kwa siku, na akikemea bila nguvu ya kutosha anaanza tena. Nikisikia pia kwamba wamemwambia aache vidonge ili kuonyesha imani, au kwamba wanamfunga na kumnyima chakula, kwangu ulinganisho umeishia hapo: mtoeni.

Ya pili ni ya kiongozi anayeweka mpaka. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti ambao vijana wengi wa Bukavu wamesoma kwao Alfajiri, aliteswa na mawazo ya dhambi alipokuwa Manresa, Hispania, mwaka 1522. Aliungama, akarudi, akaungama tena mambo yaleyale. Padri wake alimwamuru asiungame tena jambo la zamani isipokuwa liko wazi kabisa. Amri ilikuwa nzuri ila ilikuwa na tundu: kwake kila kitu kilionekana wazi, akaendelea kuteseka. Mwenye TOC anapewa mpaka usio na "isipokuwa": unaungama mara moja, kwa padri mmoja, na swali hilohilo halijibiwi mara ya pili. Upande wa Waislamu, wanazuoni wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na mwenye wasiwasi wa udhu huambiwa asirudie. Imamu anayejua hilo anafanya nusu ya kazi ya mwanasaikolojia.

Kwa hiyo mbaki na pasta wenu. Nendeni kwake na ombi moja: asikubali kurudia sala ileile kwa ajili ya wazo lilelile.

Dawa za miti nazipita haraka. Sijui mti uliothibitishwa kuvunja TOC, na baadhi ya michanganyiko inagongana na vidonge vya hospitali. Kama mzee tayari amempa kitu, mwambieni daktari bila aibu.

Valium ya famasi

Inatuliza usiku huo, ndiyo maana inapendwa. Lakini diazepamu, ndiyo hiyo Valium, haitibu TOC. Mwili unaizoea, kipimo kinapanda, na kuiacha ghafla baada ya muda mrefu kunaweza kuleta hata degedege. Baya zaidi kwa ugonjwa huu ni kwamba kumeza kidonge kila wazo linapokuja kunageuka kuwa tendo, sawa na kunawa. Haloperidoli, dawa wanayopewa wenye wazimu, peke yake nayo haiwi tiba ya TOC, ingawa mgonjwa ataonekana "ametulia" kwa sababu amelegea. Familia nyingi zimeridhika na utulivu wa namna hiyo. Mgonjwa mwenyewe haulizwi.

Mazoezi ya kukabili woga na kuzuia tendo

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu ya kwanza. Tiba hii ilianza kuandikwa mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alipoeleza jinsi alivyowasaidia wagonjwa kukaa na kile wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya tendo lao. Kabla ya hapo TOC ilionekana kama ugonjwa usiotibika.

Mgonjwa na mwanasaikolojia wanapanga ngazi ya woga, kutoka 0 hadi 100. Binti wa mikono anaweza kuanza na meza ya nyumbani: 20. Noti chakavu ya franka 500 iliyotoka soko la Kadutu: 45. Kitasa cha choo cha pamoja: 80. Hawaanzi na 80.

Siku ya noti, mwanasaikolojia anaishika kwanza mwenyewe, anaipitisha kwenye viganja vyake, kisha anampa. Binti anaishika kwa ncha za vidole. Anaombwa aifunge ngumi. Woga uko 60. Anaombwa apake viganja kwenye mikono ya blauzi yake, hapo unapanda 75, na anaanza kuuliza: "Docteur, una hakika siwezi kuugua?" Anajibiwa: "Swali hilo leo hatulijibu." Wanakaa. Kila dakika tano anataja namba. Inaweza kushuka hadi 40, inaweza isishuke sana. Vyovyote vile anaondoka akiwa amejifunza kwamba alikaa na woga huo bila kunawa na hakuvunjika. Kazi ya nyumbani ni hiyohiyo kila siku, mpaka noti ichoshe. Kisha ngazi inayofuata.

Je, katika mji wa kolera hilo si hatari? Mazoezi yanapangwa mbali na saa ya kula, na kabla ya bugali anaruhusiwa kunawa kama kila mtu mezani: sabuni, mara moja, muda uleule na wenzake, halafu bido linaondolewa. Hakuna mtaalamu mzuri atakayemwambia anywe maji ya ziwa. Lengo ni kumrudisha kwenye kunawa kwa kawaida.

Kwa kadena zoezi ni fupi: anafunga mara moja, anatamka "huenda imefungwa, huenda haikufungwa", anaenda kulala na shaka yake. Sehemu ya kutamka ndiyo inayowachukiza zaidi, na ndiyo inayofanya kazi.

Kawaida ni vikao 12 hadi 20. Uzuri wake ni kwamba hakuna kidonge, faida huelekea kubaki baada ya vikao kwisha, na inafaa kwa mjamzito, mwenye kunyonyesha na mtoto. Ubaya: inaogopesha, wengine wanakimbia baada ya kikao cha pili, na wanaoijua kwa mikono ni wachache. Wanasaikolojia wengi wa hapa wamezoea majeraha ya vita na ya ubakaji, kazi iliyofanya jina la hospitali ya Panzi lijulikane duniani. Hiyo haina maana kwamba wote wamefundishwa hii. Kuongea kuhusu utoto na maumivu ya zamani kunaweza kufariji, lakini peke yake hakukati tendo. Muulizeni mapema: "Utampa mazoezi ya kufanya nyumbani? Utatuonyesha sisi wa nyumbani tunachopaswa kuacha?" Akijibu kwamba yeye husikiliza na kushauri tu, asante, tafuteni mwingine.

Maana familia nayo iko ndani ya ugonjwa. Mama anayebeba bido la pili, kaka anayejibu "ndiyo umefunga", bibi anayebadilisha nguo mlangoni ili asiguse kitanda, wote wanalipa ile riba. Msiache vyote siku moja, itakuwa vita. Punguzeni kimoja kwa makubaliano naye, na akiuliza tena: "Dada, naona inakuuma. Tulikubaliana sitajibu." Mjomba na hoja yake ya kunyima sabuni amekaribia ukweli, ila kwa nguvu: mazoezi anayochagua mgonjwa yanafundisha, anayolazimishwa yanamvunja.

Vidonge vya kweli

Kuna makundi mawili. La kwanza ni fluoksetini na ndugu zake, setralini, fluvoksamini na paroksetini. La pili ni klomipramini, dawa ya zamani kuliko hizo, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya TOC. Zote hutolewa pia kwa huzuni nzito, na hapo ndipo makosa hutokea: mgonjwa anapewa kipimo cha huzuni, anangoja wiki tatu, haoni kitu, anaacha. TOC inahitaji kipimo kikubwa zaidi na subira ndefu zaidi.

| | Mazoezi ya kukabili | Fluoksetini | Klomipramini |
|---|---|---|---|
| Ratiba | vikao 12–20 na kazi ya kila siku | huanza 20 mg, mara nyingi hufika 40–60, isizidi 80 | huanza 25 mg, hupanda polepole, isizidi 250 |
| Nafuu huonekana | wiki chache, kadiri ya bidii | wiki 8–12 | wiki 8–12 |
| Taabu yake | woga mkali mwanzoni | kichefuchefu, kukosa usingizi, hamu ya tendo la ndoa kupungua | mdomo kukauka, choo kigumu, usingizi, jasho, kuongezeka uzito |
| Hatari kubwa | kuacha katikati | fadhaa na mawazo ya kujiua mwanzoni, hasa kwa vijana | mapigo ya moyo kuvurugika, degedege. Ikizidishwa inaua |
| Ukiisimamisha | faida nyingi hubaki | dalili hurudi kwa wengi | dalili hurudi kwa wengi |

Vipimo hivyo ni vya mtu mzima na ni vya kumsaidia msomaji aelewe anachoandikiwa. Kupandisha ni kazi ya daktari.

Jedwali halisemi jambo moja ambalo hapa linakuhusu. Klomipramini inagusa umeme wa moyo, na kinini na baadhi ya dawa nyingine za malaria zinaugusa pia. Ukishikwa na homa ukiwa unaitumia, mwonyeshe muuguzi plaketi yako kabla hajakuchoma kitu. Tramadoli nayo, inayouzwa kama njugu, haichanganywi na dawa yoyote kati ya hizi.

Kipi kinashinda? Katika utafiti wa Edna Foa na wenzake uliochapishwa mwaka 2005, watu wazima 122 waligawanywa makundi manne kwa wiki 12. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 62 kwa mazoezi, 42 kwa klomipramini, 70 kwa vyote viwili, na 8 kwa kidonge kisicho na dawa. Mazoezi hayo yalikuwa makali na waliyaongoza wataalamu waliobobea. Usitegemee namba ileile kwa mtu aliyesoma mbinu hii wiki iliyopita. Mwaka 2013 Helen Blair Simpson na wenzake walichukua watu 100 ambao vidonge vya kundi la kwanza vimewasaidia nusunusu. Walioongezewa mazoezi, asilimia 80 walipata nafuu. Walioongezewa risperidoni, dawa nyingine wanayopewa wenye wazimu, 23. Kwa hiyo daktari akitaka kuongeza kidonge cha pili au cha tatu juu ya cha kwanza, ni haki yenu kuuliza kama mazoezi yamejaribiwa.

Kwa hiyo nani aanze wapi

Kama matendo yanakula saa moja au mbili kwa siku na mtu bado anaenda kazini au shuleni, ningeanza na mazoezi peke yake, na mtu mmoja wa nyumbani akisindikiza. Kama hakuna mtaalamu karibu, vikao kwa simu ya video vinakubalika. Uswidi wamepima tiba ya aina hii kwa intaneti na imefanya kazi. Mega za intaneti zitagharimu, lakini linganisha na nauli ya moto (pikipiki) kwenda na kurudi kila wiki kutoka mtaa wa Panzi.

Kama mtu hatoki tena chumbani, haogi au hamalizi kuoga, hali chakula kwa sababu ya woga, au huzuni imemlemea hata hawezi kupanga ngazi, anzeni na fluoksetini au setralini, kisha mazoezi yaingie nguvu zikirudi kidogo. Kwa wengi wa namna hii vyote viwili pamoja ndilo jibu.

Klomipramini ningeiweka ya pili, dawa za kundi la kwanza zikishindwa kwa kipimo kamili na wiki 12 kamili, au kama ndiyo pekee inayopatikana. Moyo upimwe kwanza. Mtu aliyewahi kusema anataka kufa asikae na kopo lake; mama au kaka ashike, atoe ya siku. Na akisema hivyo leo, hospitali ni leo.

Mtoto anaanza na mazoezi, wazazi wakifundishwa pamoja naye. Katika utafiti wa Marekani wa 2004 kwa watoto na vijana, asilimia 54 walipona karibu kabisa kwa mazoezi pamoja na setralini, 39 kwa mazoezi tu, 21 kwa setralini tu, na 4 kwa kidonge kisicho na dawa. Marekani setralini inaruhusiwa kwa TOC kuanzia miaka 6, fluoksetini kuanzia 7, klomipramini kuanzia 10. Anayenyonyesha na kuhitaji kidonge mara nyingi hupewa setralini.

Kuhusu mahali: kwa Bukavu jina la kwanza ni SOSAME, kituo cha afya ya akili kinachoendeshwa na mabradha wa Frères de la Charité, shirika lilelile lenye kituo cha Tulizo Letu kule Goma. Watu wanaogopa kuonekana mlangoni pake. Nendeni asubuhi, na mchukue karatasi mliyoandika wiki moja nyumbani: tendo gani, saa ngapi, limechukua dakika ngapi, nani alisaidia kulifanya. Inamfaa daktari kuliko masimulizi ya saa nzima, kwa sababu mgonjwa mwenyewe kwa aibu atataja nusu tu.

Mkichagua vidonge, hesabuni kwa mwaka mzima. Baada ya nafuu kidonge huendelea mwaka 1 hadi 2, kisha kinapunguzwa kwa miezi, hakikatwi. Fluoksetini inakaa mwilini wiki kadhaa, hivyo dawa ikikosekana mjini siku chache haikuangushi mara moja. Setralini, paroksetini na klomipramini zikikatika ghafla, kizunguzungu na kichefuchefu vinakuja ndani ya siku chache, na wengi hudhani ni malaria. Nunueni kwenye famasi ileile, someni tarehe nyuma ya plaketi, na plaketi ya mwezi ujao iwe nyumbani kabla ya mwezi huu kwisha.